Shamba ambalo halina mstari kwenye karatasi

Historia ya bustani ya nyuma ya nyumba, toka wakati wa pamba hadi wakati wa kurudi



Katika karatasi za miradi zinazotufikia kuna swali moja linalorudi kila mwaka: hekta ngapi zimelimwa? Tunajaza. Shamba la muhogo tunaliandika, la mihindi tunaliandika, mpunga wa bondeni vilevile. Lakini ile mistari mitatu ya lengalenga nyuma ya jiko, ile migomba minne pale panapomwagwa maji ya vyombo, matembele yanayotambaa mpaka karibu na mlango, hayo hayana mstari wake. Hayafiki hekta. Hayafiki hata robo ya robo. Basi yanabaki nje ya karatasi, na kila jioni yanaingia ndani ya sufuria.

Tumeona vizuri kuandika historia ya bustani hiyo sasa hivi, juu ya mjadala ulio katikati yetu. Wengine wanataka sanduku la muso linunue mbolea ya duka, pompi na dawa za kupulizia, kisha wanachama wagawane kwa bustani za nyumbani. Wengine wanasema pesa hiyo iende kwa mbegu na vipandikizi. Mambo hayo yataamuliwa kwenye mkutano, si hapa. Lakini kabla ya kuamua ni vizuri tujue tunagusa kitu gani. Bustani hiyo ni ya zamani kuliko chama chetu, kuliko kambi, kuliko hata barabara ya Uvira kwenda Baraka.

Watu hupenda kusema kwamba bustani ya wazee ilikuwa ya vyakula vya asili. Tuseme ukweli: vingi vilivyomo vilitoka mbali. Muhogo ni wa Brazil. Wareno waliufikisha pwani ya Atlantiki ya Kongo katika karne ya 16, na toka kule ukatembea mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka ukafika huku kwetu kwenye ziwa. Mihindi, maharagi, viazi vitamu, maboga, nyanya na pilipili vyote ni vya Amerika. Ndizi zilitoka Asia, zamani sana, kabla Mzungu hajaonekana. Mawese ndiyo yetu kabisa, na kunde, na bilinganya chungu, ile wengi wetu tunaita ntore. Kwa hiyo mama anayechuma sombe hapa Fizi anachuma majani ya mmea uliovuka bahari nzima. Hakuna aibu katika hilo. Hata sisi tumevuka maji.

Kilicho cha kwetu ni namna ya kuilima. Nyumba inakula, inabakiza maganda ya ndizi na ya muhogo, majivu ya jiko, maji ya kuoshea vyombo, mavi ya kuku na ya mbuzi. Hivyo vyote vinarudi kwenye shina la mgomba. Mgomba unakula sana, tena unataka hasa potasiamu, na majivu yana potasiamu mingi. Majivu pia yanapunguza ukali wa udongo uliochoka kwa mvua. Chini ya mgomba kuna kivuli. Penye kivuli kidogo yanapandwa maharagi, ambayo vifundo vya mizizi yake vinafuga vijidudu vya kukamata naitrojeni ya hewani. Pembeni kuna lengalenga, ambayo hakuna mtu anayeipanda kwa jasho: ukiiacha michache ikomae, inamwaga mbegu yenyewe. Majani makavu ya mgomba yanalazwa chini ili udongo usichomwe na jua na mvua isiubebe. Hakuna aliyeita jambo hilo kutunza mazingira. Lilikuwa kufanya usafi wa nyumba na kutafuta mboga, kazi mbili kwa safari moja ya mama kutoka jikoni.

Sasa tufike kwa Wabeleji.

Tarehe 20 Februari 1917 ilitoka dekreti iliyoruhusu Serikali ya koloni kulazimisha watu walime mazao iliyoyataka, mpaka siku 60 kwa mwaka. Aliyeisukuma sana ni Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni kule Bruxelles, mtu aliyetazama namna Waholanzi walivyofanya kule Java akapendezwa nayo. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku 60 zikawa 120. Katika sehemu nyingi za Kongo, pamoja na bonde la Ruzizi, zao lenyewe lilikuwa pamba. Pamba hailiwi. Kampuni iliyopewa eneo ndiyo iliyonunua, na bei mlimaji hakuipanga. Monita wa kilimo alipita kupima shamba kwa kamba, kapita alisimamia, na aliyekosa alijua kinachomngoja: faini, jela, fimbo.

Tunataka wasomaji wetu waangalie jambo moja hapo, sababu vitabu vingi vinalipita haraka. Shamba la pamba lilikuwa la kuhesabiwa. Lilipaswa kuwa safi, zao moja, mistari iliyonyooka, ili anayepita aone haraka kama mtu amelima au amelala. Aliyeandikwa kwenye kitabu ni mwanaume. Lakini siku za kupalilia na kuvuna pamba mgongo ulioinama mara nyingi ulikuwa wa mwanamke, na siku hizo zote zilitoka kwenye siku za chakula. Nyumba ingekula nini? Ilikula cha nyuma ya nyumba. Hapo hapakupimwa kwa kamba. Ndizi, maharagi na maboga vilivyochanganyika namna ile, kwa macho ya monita, vilikuwa fujo ya wanawake, na fujo ya wanawake haikuwa na safu kwenye kitabu chake. Hatusemi kwamba Wabeleji waliiheshimu bustani. Hawakuiona tu. Na kwa kutoonekana, ikapona.

Kuna mfano mwingine wa wakati huohuo unaotufundisha zaidi. Katika milima ya Kivu, miaka ya 1940 na 1950, utawala uliamrisha watu wachimbe mifereji ya kukatisha mteremko na kupanda majani pembeni ili mvua isibebe udongo. Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mvua ya Kivu inabeba udongo kweli, na kila aliyeona mto wetu ukiwa mwekundu mwezi wa nne anajua. Lakini mifereji ililetwa kwa njia ileile ya pamba: amri, kapita, adhabu. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, watu walifurahi kuiacha, na mahali pengi waliifukia. Wakati uleule bibi aliyelaza majani makavu kwenye udongo wake nyuma ya jiko aliendelea kuyalaza, kama alivyofanya mama yake, na hakuna aliyemwamrisha. Marafiki zetu wafadhili wanatuuliza mara nyingi kwa nini mradi fulani mzuri umekufa baada ya wataalamu kuondoka. Sehemu ya jibu iko katika mifereji hiyo.

Baada ya uhuru kuna kisa kimoja kinachostahili kukaa katika gazeti letu, sababu wachache wanakijua na kila mmoja wetu amekila. Mwaka 1973 kidudu kigeni kilionekana kwenye muhogo karibu na Kinshasa na Brazzaville: kidogo, cheupe, kama kimepakwa unga. Kilifyonza ncha za mimea, majani yakajikunja na kukauka. Kilitoka Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe, ila kilikuja bila adui zake. Kwa miaka michache kikaenea nchi kwa nchi. Mahali ambapo watu wanakula muhogo mizizi na majani, kukosa muhogo ni kukosa vitu viwili mara moja, bugali na sombe.

Dawa ya kupulizia ingefanya nini? Nani angepuliza kila bustani kuanzia Matadi mpaka Uvira, tena juu ya majani ambayo watoto watakula kesho? Wataalamu wa taasisi ya IITA kule Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walitafuta njia nyingine. Mwaka 1981 alipatikana kule Paraguay nyigu mdogo sana, asiyeuma mtu, ambaye anataga yai lake ndani ya kidudu kile cheupe. Yai linapoanguliwa, funza anakila kidudu kwa ndani. Nyigu hao walifugwa wakaanza kuachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha nchi nyingine nyingi za Afrika, na Zaire ya wakati ule ilikuwamo. Kidudu hakikwisha kabisa, lakini kilirudi kuwa kitu kidogo ambacho mkulima anaweza kuishi nacho. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mkulima hakulipa hata franka moja, na mpaka leo nyigu anaendelea kufanya kazi kwenye muhogo wetu bila mshahara.

Tunakisimulia kisa hiki si juu ya kukataa sayansi. Kinyume chake: hii ilikuwa sayansi kubwa kabisa, tena ilikuja kwa njia inayofanana na bustani. Ilirudisha adui mahali pa adui. Ndiyo maana tunashangaa kusikia ndugu wengine wakisema kilimo cha kisasa ni chupa.

Vita nayo ina sehemu yake. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipowaka, Fizi ilikuwa katikati ya moto. Wengine wakavuka ziwa kwenda Kigoma, wengine wakapanda milima na kuingia msituni. Maquis ya Laurent-Désiré Kabila ilikaa katika milima hiyo toka mwaka 1967 mpaka kwenye miaka ya 1980, na raia waliokuwa huko waliishi kwa kuhama. Aliyehama hakubeba shamba. Alibeba mashina ya muhogo yaliyofungwa kwa kamba, machipukizi ya mgomba, mbegu zilizofungwa kwenye pindo la kitambaa. Muhogo ulipendwa kwa sababu moja zaidi: unaweza kukaa chini ya udongo mwaka na zaidi ukimngoja mwenyewe, na askari anayepita mbio hana muda wa kuung'oa wote. Mihindi ikikomaa inamwita kila mwenye njaa, na mwenye bunduki ndiye wa kwanza.

Halafu ikaja 1996. Hayo hatutayaeleza kirefu, kila nyumba ya chama hiki inayabeba. Tulivuka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, Lugufu mwaka uliofuata, zote katika mkoa wa Kigoma. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilitaka mkimbizi akae ndani ya kambi, na kutoka kulihitaji ruhusa. Kwenda kulima nje ilikuwa kosa, ingawa wengi walikwenda kuwalimia wenyeji kwa siri, na wengine walikamatwa. Msaada wa chakula ulikuwa unga wa mihindi, maharagi au dengu za njano, mafuta na chumvi, ukihesabiwa kufikia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mara nyingi ukapunguzwa. Wahesabuji walihesabu vizuri kadiri walivyoweza. Lakini katika hesabu yote hiyo hamkuwa na jani hata moja.

Majani tuliyatafuta wenyewe. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na nafasi ya hatua chache. Wamama waliziba kila hatua: lengalenga mbele, maboga yakapanda juu ya paa la majani, matembele kwenye mtaro wa maji ya kuoga. Pale ambapo hata hatua hizo hazikuwapo, ikaja bustani ya gunia. Vijana waliozaliwa baada ya kambi hawaijui vizuri, basi tuieleze. Unachukua gunia tupu la unga. Unachukua kopo la mafuta ya msaada na kulitoboa pande zote mbili libaki bomba. Unalisimamisha katikati ya gunia, ndani yake unajaza mawe madogo, nje yake unajaza udongo uliochanganywa na samadi na majivu kidogo. Halafu unalivuta kopo juu kidogo na kuanza tena, mpaka gunia limejaa na katikati pamebaki nguzo ya mawe toka chini mpaka juu. Maji unamwaga kwenye nguzo hiyo, yanashuka na kusambaa polepole. Ubavuni unatoboa matundu na kupanda miche, na juu pia. Gunia moja linalisha mboga nyumba ndogo kwa wiki nyingi, kwa maji ambayo yamekwisha kuosha sahani. Sabuni kidogo si neno. Maji ya omo nyingi ndiyo tulikuwa tunamwaga mbali.

Kambini tulijifunza pia kwa Watanzania. Mwarobaini wengi wetu tuliuzoea kule, kwanza kwa homa, kisha kwa wadudu: majani yanatwangwa, yanalowekwa usiku, maji yanachujwa na kutiwa sabuni kidogo ili yashike kwenye jani. Na watoto waliozaliwa kule walirudi na lugha yao. Lengalenga wanaiita mchicha, sombe wanaita kisamvu. Bibi zao wamecheka mpaka leo.

Mwezi wa kumi 2005 safari za kurudi kwa meli zilianza, Kigoma mpaka Baraka, chini ya HCR. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Wengine wako Nyarugusu mpaka sasa, na wengine waliorudi walilazimika kuvuka tena. Tuliorudi tulipewa turubai, jembe, vyombo, chakula cha miezi michache. Jembe tulilipokea kwa mikono miwili. Swali lilikuwa ulipige wapi.

Hapa ndipo bustani ilipoacha kuwa jambo la mboga tu. Miaka kumi ni mingi. Mashamba yalikuwa yanalimwa na wengine, wengine wao wakiwa wamekimbia kwao pia, wengine wakiwa wamenunua kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi za kimila iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itazipanga, na miaka ikapita kwa makumi bila ordonansi hiyo kutoka. Kwa hiyo mwenye karatasi ana karatasi, mwenye mashahidi wa kimila ana mashahidi, na kesi inakaa. Wakati kesi inakaa huwezi kupanda michikichi. Hata ukikodi shamba, mwenyewe atakukataza kupanda mti wa kudumu, sababu mti ni ushahidi: kesho utasema hapa ni pangu, angalia mchikichi wangu. Lengalenga haina kesi. Inaliwa baada ya wiki tatu au nne na hakuna mwami atakayeitwa juu yake. Nyumba nyingi za chama chetu zilikula mavuno yao ya kwanza ya nchi yao kutoka kwenye parseli ya nyumba, si kutoka shambani. Wengine, shamba lao bado hawajalipata, na mavuno hayo ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho.

Basi turudi kwa mjadala wetu. Kwa maoni yetu tunaoandika hapa, hatari ya bustani leo haitoki kwa monita. Inatoka kwenye moto wa asubuhi na kwenye chupa.

Moto wa asubuhi kila mtu anaujua. Uwanja unafagiwa, majani yanakusanywa, yanachomwa pamoja na mifuko ya plastiki. Tunaelewa sababu. Uwanja safi ni heshima ya nyumba, na penye majani panaweza kulala nyoka. Lakini moshi wa plastiki ni sumu kwa mtoto aliyebebwa mgongoni, na majivu yake hayafai tena kwenye mboga. Majani yenyewe yangekuwa udongo. Rundo lipelekwe kona ya mbali ya parseli, lifike kama kiuno, kibichi na kikavu vikipishana, lifunikwe kwa majani ya mgomba, ligeuzwe kila wiki mbili na kumwagiwa maji likikauka. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili mitatu linanukia kama msitu. Plastiki, betri za tochi na vyupa visiingie humo hata siku moja. Pembeni ya parseli mnaweza kupanda titonia, ile yenye maua ya manjano inayoota ovyo kando ya barabara: majani yake mabichi yakikatwakatwa na kufukiwa yanaoza haraka na yana naitrojeni ya kutosha.

Mbolea ya duka hatuilaani. Kwa mihindi kwenye udongo uliochoka inaweza kulipa, kama bei ya gunia na ya usafiri inaruhusu. Lakini udongo wa parseli nyingi hapa kando ya ziwa ni mchanga. Bila kitu kilichooza ndani yake, mvua moja kubwa inasukuma mbolea hiyo chini na pesa yako pamoja nayo. Chupa za dawa ndizo zinatutia hofu zaidi. Zinauzwa sokoni kwa vipimo vidogovidogo, zikiwa zimemiminwa kwenye chupa za soda, bila maandishi yanayoeleza siku ngapi zingojewe kabla ya kuchuma. Kwenye nyanya mtu anaweza kungoja. Kwenye lengalenga, ambayo mama anachuma leo asubuhi na kesho jioni, kungoja huko hakuko. Kwa wadudu wengi wa bustani ndogo, mkono wa kuwaokota alfajiri, majivu yaliyonyunyizwa, maji ya mwarobaini au ya pilipili vinatosha. Kwa kiwavi anayeingia moyoni mwa mihindi, wengi hapa wanatia majivu au mchanga mkavu palepale kwenye moyo wa mmea.

Na mgomba? Mnyauko ulioingia Masisi mwaka 2001 na kushuka mpaka Kivu Kusini hauna dawa ya duka hata kidogo. Kinachouzuia ni kuondoa ua la chini la mkungu kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu tana la mwisho likitokea, juu ya nyuki na wadudu wanaobeba ugonjwa toka ua hadi ua. Kisu kilichokata mgomba mgonjwa kipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mzima. Mgomba unaoanza kunyauka ukatwe usawa wa udongo. Tungependa pesa ya muso ilipe vijana wawili wapite nyumba kwa nyumba kuonyesha mambo hayo, kuliko kununua pompi moja ambayo itagombewa.

Kuna jambo ambalo upande wetu wa mbegu hatuna jibu lake lote. Toka mwaka 2020 ziwa limepanda. Uvira ilipigwa na mafuriko mwezi wa nne mwaka ule, na kando ya Baraka kuna parseli ambazo bustani zake sasa ziko majini. Wanachama hao hawawezi kuambiwa waweke majani makavu. Kwao bustani ya gunia imerudi, ikisimamishwa juu ya mawe au mbao mahali palipoinuka kwa jirani, na jirani anatakiwa akubali. Hilo ni jambo la chama zima kuzungumza.

Kwa marafiki wafadhili ombi letu ni dogo. Kwa Wabeleji kutohesabiwa kuliisaidia bustani. Leo kunaiumiza, sababu kisichohesabiwa hakipati mbegu. Ongezeni mstari mmoja kwenye karatasi zenu: nyumba ngapi zimekula mboga zao wenyewe wiki hii? Wamama wetu watajaza bila kupima kwa kamba.

Mkutano ni siku ya kawaida, baada ya kukusanya michango ya muso. Aliye na mbegu ya lengalenga nyekundu alete, imekuwa adimu. Mashina ya muhogo yatakaguliwa mlangoni: yenye majani ya madoa ya njano yaliyojikunja yana ugonjwa na hayatagawanywa. Magunia matupu, hata yaliyotoboka, yanahitajika kwa nyumba za kando ya maji.